Kelele za Redio ya Gari na Historia ya Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Tunaposoma historia ya pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, gari hutajwa kama chombo cha biashara au cha vita, na redio hutajwa kama mdomo wa serikali au wa chama. Mara chache vitu hivi viwili huchunguzwa pamoja, ilhali katika chapa ziendazo Palma, Mocímboa da Praia na Quionga vinakaa kwenye dashibodi moja na kugombana. Ugomvi wao ndio kelele: mkwaruzo, mlio mwembamba kama wa mbu, au mvumo unaomeza sauti ya msoma habari. Abiria humlaumu fundi. Makala haya yanadai kwamba fundi hubeba lawama isiyo yake yote, kwa kuwa kelele hizo zina tarehe, na nyingine zilipangwa na maamuzi yaliyofanyika mbali na gereji yake.

Kelele ya zamani kuliko zote ni ya plagi. Heinrich Hertz, alipothibitisha kuwapo kwa mawimbi ya redio mwishoni mwa miaka ya 1880, alitumia cheche ya umeme inayoruka kati ya vyuma viwili. Marconi naye alianza kwa cheche. Plagi za injini ya petroli hufanya jambo lile lile maelfu ya mara kwa dakika, hivyo kila gari la petroli ni kituo kidogo cha redio kisicho na leseni. Paul Galvin na wenzake walipofunga redio ya Motorola katika gari huko Marekani mwaka 1930, sehemu ngumu ya kazi ilikuwa kuinyamazisha injini. Dawa za enzi hizo zipo hadi leo: ukinzani katika njia ya umeme wa plagi, kapasita, na kuifunika redio kwa bati lililoungwa vizuri na bodi ya gari.

Pwani yetu haikuionja sana kelele hiyo mwanzoni, kwa sababu magari yalikuwa machache. Redio iliyoingia vijijini ilikuwa ya transista, ya betri kavu, inayobebwa mkononi. Vita vya ukombozi vilipoanza tarehe 25 Septemba 1964, FRELIMO ilikuwa na matangazo yake kutoka Dar es Salaam, na kuyasikiliza upande wa Wareno ilikuwa hatari. Transista iliyo mbali na injini husumbuliwa zaidi na radi kuliko na plagi. Msikilizaji wa wakati ule alichohofia ni jirani kusikia. Baada ya uhuru wa 1975, Rádio Clube iligeuzwa kuwa Rádio Moçambique, lakini masikio ya watu wa kando ya Ruvuma hayakuacha kuelekea kaskazini, kwa kuwa Kiswahili cha Dar es Salaam kilieleweka Palma bila mkalimani.

Hapa ndipo lazima turudi nyuma kidogo, mwaka 1928, na tuache redio kwanza. Mwaka huo Ureno iliamua magari yapite upande wa kulia wa barabara. Msumbiji ikabaki kushoto, kwani majirani zake waliotawaliwa na Waingereza, kuanzia Tanganyika hadi Afrika Kusini, walipita kushoto. Uamuzi huo ulionekana wa kawaida kabisa. Miongo kadhaa baadaye, ndio ulioifanya Msumbiji kuwa soko zuri la magari yaliyotumika ya Japani, nchi nyingine inayopita kushoto. Toyota Hiace yenye usukani kulia inaweza kutoka melini na kuanza kazi ya chapa bila kubadilishwa chochote.

Isipokuwa redio. Japani ilijitengea FM kati ya megahezi 76 na 90, na miaka ya karibuni ikaongeza hadi 95. Kwetu, kama ilivyo Tanzania, FM huanza 87.5 na kuishia 108. Kwa hiyo redio iliyokuja na gari husikia kipande cha mwanzo tu. Vituo vya juu yake ni kama havipo. Sheria ya habari ya Msumbiji ya mwaka 1991 ilifungua mlango wa redio binafsi, na Tanzania nayo ilifungua mlango huo katika muongo huo huo, yaani FM ilijaa vituo wakati uleule magari yasiyoweza kuvisikia yalipokuwa yakimiminika. Mwenye gari alibaki na njia mbili: kufungiwa kijisanduku kwenye waya wa antena kinachoshusha masafa, au kununua redio nyingine. Katika zote mbili mara nyingi waya za kiwandani hukatwa, na hapo ndipo kelele hupata pa kuingilia.

Namna ya kuitafuta kelele inafanana sana na uhakiki wa chanzo cha kihistoria: unauliza imepita wapi kabla ya kukufikia. Chomoa antena. Kelele ikinyamaza, ilikuwa inaingia kwa njia ya hewa, nayo huenda ni plagi au kijisanduku chenyewe, ambacho kinakula umeme ule ule mchafu wa gari. Isiponyamaza, cheza wimbo kutoka kwenye flashi. Mlio ukiendelea, na ukipanda kadiri dereva anavyokanyaga mafuta, mshtakiwa ni alteneta. Punguza sauti hadi mwisho: mlio ukibaki palepale, unaingia baada ya redio, katika waya ziendazo kwenye amplifaya au kwenye amplifaya yenyewe. Katika gari la dizeli uchunguzi ni mfupi zaidi, maana dizeli haina plagi za cheche.

Alteneta ni kelele ya kizazi cha pili. Ilianza kuenea katika magari ya abiria miaka ya 1960 ikichukua nafasi ya dainamo, na umeme wake hunyooshwa na diodi, ila haunyooki kabisa. Mawimbi madogo yanayobaki si tatizo kwa taa. Tatizo huja redio ikiwa imeungwa na bodi pale dashibodi, na amplifaya imeungwa na bodi kule nyuma chini ya kiti. Bodi si waya kamili. Kati ya sehemu hizo mbili kuna tofauti ndogo ya umeme, na waya wa sauti unaoziunganisha huibeba hadi kwenye amplifaya, ambayo huikuza kwa uaminifu kama inavyoukuza wimbo. Tiba haina gharama kubwa: vifaa vyote viungwe sehemu moja, rangi ikwanguliwe hadi chuma king'ae, waya uwe mnene, na waya wa sauti usilazwe pamoja na waya wa betri. Pwani kuna adui wa ziada, chumvi. Muungo uliokuwa safi hushika kutu, na kelele iliyotibiwa hurudi. (Fundi huitwa tapeli kwa kosa la bahari.)

Kelele ya karibuni zaidi inatoka kwenye chaja ya simu inayochomekwa dashibodi. Ndani yake umeme huwashwa na kuzimwa maelfu ya mara kwa sekunde, na chaja za bei rahisi hurusha uchafu huo moja kwa moja kwenye FM. Jambo hili lingekuwa dogo kama si hali ya eneo lenyewe. Tangu shambulio la Mocímboa da Praia la Oktoba 2017, kujua barabara ipi inapitika ni suala la uhai, na Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021 mawasiliano ya simu yalikatika. Simu ndiyo imechukua kazi ya redio siku za amani, na chaja yake ndiyo inayoiziba redio siku simu inaponyamaza. Dereva anayetaka kusikia habari za njia iliyo mbele yake itambidi kwanza anyooshe mkono aichomoe.