Mafunjo, Mipaka na Mamlaka: Historia ya Usimamizi wa Ardhioevu ya Nakivale na Mbarara, 1958–2022

Utangulizi

Katika mijadala ya sera, serikali ya mitaa husawiriwa kama mshika mizani, maendeleo upande mmoja na hifadhi ya ardhioevu upande wa pili. Makala haya yanadai kwamba katika bonde la Mto Rwizi, kusini magharibi mwa Uganda, mizani hiyo haijawahi kuwa mkononi mwa mamlaka moja. Historia ya Nakivale, ambamo kimo kijiji cha Misiera, inaonyesha kuwa tatizo kuu limekuwa mgawanyo wa madaraka na wa lugha yanakotumikia madaraka hayo, zaidi ya upungufu wa sheria.

Kutoka kukausha hadi kulinda

Wakati wa ukoloni, kinamasi kilihesabiwa kuwa ardhi inayosubiri kutumiwa. Katika Kigezi ya miaka ya 1940 na 1950, maofisa wa kilimo walihimiza mabonde ya mafunjo yakaushwe ili yapatikane mashamba na malisho. Makazi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, yalizaliwa katika kipindi hicho. Wakimbizi wa kwanza, Watutsi kutoka Rwanda, walipewa ardhi karibu na ziwa ili wajitegemee kwa kilimo na mifugo.

Mwelekeo ulibadilika baadaye. Mwaka 1986 serikali ilipiga marufuku ukaushaji mkubwa wa ardhioevu, na mwaka 1988 Uganda ikajiunga na Mkataba wa Ramsar. Mwaka 1995 ulileta sera ya taifa ya ardhioevu pamoja na Katiba ambayo, katika ibara ya 237, inaitaka serikali kuu au serikali ya mitaa kushikilia maziwa, mito na ardhioevu kwa amana ya wananchi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 iliipa halmashauri ya wilaya jukumu la misitu na ardhioevu. Kanuni za mwaka 2000 zikaweka ukanda wa hifadhi wa mita 100 kila upande wa mito mikubwa iliyoorodheshwa.

Wilaya changa, mamlaka mbili

Wilaya ya Isingiro ilimegwa kutoka Mbarara mwaka 2005. Mwaka huohuo kodi ya kichwa, iliyokuwa chanzo kikuu cha mapato ya ndani ya wilaya, iliondolewa. Hivyo Isingiro ilirithi dhamana ya ziwa huku ikitegemea ruzuku za serikali kuu, ambazo nyingi huja zikiwa zimekwisha kupangiwa matumizi.

Mwaka 2006 ulizidisha utata. Mfumo wa ardhioevu wa Mburo na Nakivale, wenye hekta 26,834, uliingizwa katika orodha ya Ramsar. Mwaka huohuo ilipitishwa Sheria ya Wakimbizi, iliyotambua haki zao za kufanya kazi na kuishi katika makazi yenye ardhi ya kutumia. Uamuzi mmoja ulikaribisha jembe, mwingine ukalizuilia ukingoni mwa maji. Anayegawa viwanja ni Ofisi ya Waziri Mkuu kupitia kamanda wa makazi. Anayewajibika kwa ardhioevu ni wilaya. Wenyeji wanawakilishwa na halmashauri za mitaa, ilhali wakimbizi wana mabaraza yao ya ustawi. Kwa hiyo sheria ndogo inayopitishwa na wilaya hujadiliwa katika vikao ambavyo mlimaji wa ukingoni hana kura.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika posho ya chakula ilipopunguzwa hadi asilimia 70 mwezi Aprili 2020, kisha hadi asilimia 60 Februari 2021. Kwa kaya yenye kiwanja kidogo kilichochoka, unyevu wa ukingoni ni tofauti kati ya kuvuna na kutovuna. Kumwondoa mlimaji hapo bila kumpa mbadala ni kuihamisha njaa tu.

Wala mkimbizi si mtumiaji pekee. Juu ya mto, Mbarara, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2020, hunywa maji ya Rwizi. Kingo zake zimeandamwa na uchimbaji mchanga, ufyatuaji matofali, malisho na kilimo. Tope linaloachwa huko huteremka kuelekea maziwa. Kumbana mlimaji wa Nakivale pekee ni kuadhibu mkia na kukiacha kichwa.

Lugha ya hifadhi

Kanuni hizi zimeandikwa kwa Kiingereza. Wenyeji huzungumza Kinyankole. Makazini husikika Kiswahili cha Kongo, Kinyarwanda, Kirundi na Kisomali. Kiswahili sanifu kinatumia istilahi "ardhioevu", inayotaja hali ya udongo bila kusema ni ya nani wala inafaa nini. "Kinamasi" hubeba taswira ya tope linalonasa mguu, mahali pa kukaushwa. Lakini neno "mafunjo" lina ndugu wa karibu katika Kinyankole, "orufunjo", linalotaja mmea huohuo na mahali unapoota. Neno hilo linaweza kueleweka pande zote mbili za mpaka wa makazi.

Kiswahili kilitambuliwa kikatiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Baraza la Mawaziri likaidhinisha utekelezaji wake Julai 2022. Msingi wa kisheria wa kuandika kanuni za ukingo wa ziwa kwa Kiswahili upo.

Hitimisho

Historia hii inaelekeza hatua tatu. Kwanza, mipaka ya ardhioevu ipimwe na kuwekewa alama kabla viwanja havijagawiwa. Pili, wilaya, Ofisi ya Waziri Mkuu, jiji la Mbarara na mabaraza ya wakimbizi wawe na kikao kimoja cha bonde zima, chenye uwezo wa kuamua. Tatu, sheria ndogo zitolewe kwa Kinyankole na Kiswahili kabla ya kutekelezwa. Amana isiyoeleweka na anayeishi juu yake haiwezi kutunzwa naye, na kwa Nakivale anayeishi juu yake ndiye mlinzi wa kila siku.