Waliofika Kabla ya Serikali

Ukimuuliza mtu wa Nairobi ni nani aliyeokoa watu Westgate, huenda akakujibu "jeshi". Mwingine atacheka tu. Jibu la kweli ni refu kidogo, na mimi naliandika kwa sababu ile tume ya uchunguzi tuliyoahidiwa na Rais Uhuru Kenyatta haikuwahi kuundwa.

Jumamosi tarehe 21 Septemba 2013, kama saa sita na nusu mchana, watu wanne wa Al-Shabaab waliingia Westgate wakiwa na bunduki na guruneti. Watu 67 waliuawa. Polisi walifika, lakini wengi walibaki nje wakingoja amri na vikosi maalum. Walioingia kwanza walikuwa askari kanzu wachache pamoja na raia wenye leseni ya bunduki. Wengi wa raia hao walikuwa Wakenya wa asili ya Kihindi kutoka vikundi vya ulinzi wa mitaa ya karibu. Walikuwa na bastola mkononi, wanakabiliana na AK-47. Waliingia duka kwa duka, wakigonga milango na kuwabembeleza watu watoke, na watu wenyewe waliogopa kufungua. Nani angejua anayegonga ni mwokozi au ni muuaji?

Mmoja wao alikuwa Abdul Haji, mwana wa Yusuf Haji, aliyewahi kuwa waziri wa ulinzi. Ndugu yake alimtumia ujumbe kwamba amekwama ndani, naye akachukua bastola yake akaenda. Ile picha ya Goran Tomasevic wa Reuters, ya msichana mdogo akimkimbilia mwanamume aliyemnyooshea mkono, ilizunguka dunia nzima. Mwanamume huyo ni Haji.

Mambo yalienda mrama serikali ilipofika kikamilifu. Kikosi cha Recce cha GSU kiliingia alasiri, kisha KDF wakaingia, na hakukuwa na amri moja wala mawasiliano ya pamoja. Wanajeshi wakawafyatulia risasi wenzao wa Recce na kumuua kamanda wao. Recce wakatoka. Mzingiro ukaendelea hadi tarehe 24, sehemu ya jengo ikaporomoka, na kamera za CCTV zikaonyesha wanajeshi wakitoka dukani na mifuko.

Hapa ndipo wengine husema: basi kila raia apewe bunduki. Mimi sikubaliani nao. Kama askari wenye sare, redio na mafunzo waliuana wao kwa wao, fikiria raia ishirini wasiojuana, kila mmoja na bastola, ndani ya jengo lenye moshi na mayowe. Walioingia Westgate walifanikiwa kwa sababu walikuwa wachache, walijua kutumia silaha, na walishikana na askari kanzu.

Tena leseni ya bunduki ni kitu cha wenye nazo. Tarehe 2 Aprili 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa walivamiwa alfajiri. Hapakuwa na baba tajiri jirani mwenye bastola. Recce walikuwa kambini Ruiru, mamia ya kilomita kutoka Garissa, na walipoingia bwenini ilikuwa jioni. Walimaliza kazi kwa muda mfupi, lakini watu 148 walikuwa wameshakufa. Wengi wa waliokufa walikuwa wa rika letu.

Kuna jambo lingine ambalo hunikera hadi leo. Aprili 2014, miezi saba tu baada ya ile picha, serikali ilianzisha operesheni ya Usalama Watch. Wasomali kwa maelfu walikamatwa Eastleigh na kwingineko, wengi wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Mtu mwenye sura kama ya Haji, bila jina la baba yake, angeweza kuwa kati yao. Sasa chukua mtu huyo huyo, mpe bastola, mweke mlangoni mwa Westgate mbele ya askari mwenye woga. Unadhani angefyatuliwa risasi baada ya sekunde ngapi?

Dusit ilionyesha kwamba inawezekana kujifunza. Tarehe 15 Januari 2019 vikosi viliingia mapema, amri ilikuwa wazi zaidi, na ndani ya saa 19 hivi kila kitu kilikuwa kimeisha. Watu 21 waliuawa, na zaidi ya 700 wakatolewa salama. Hata hapo raia wenye silaha walionekana, lakini hawakuachiwa kazi peke yao.

Kwa hiyo tuwape heshima walioingia Westgate na bastola. Walistahili medali na zaidi. Lakini ujasiri wao pia ni hati ya mashtaka: siku hiyo raia walifanya kazi ambayo sisi sote tulikuwa tumeshailipia kodi. Na huko Garissa, ambako hakukuwa na raia wa aina hiyo, wanafunzi walingoja mchana kutwa.