Mvumo wa Gita na Ardhi Kavu ya Same

Gita la umeme lilikwisha kuwa mhimili wa muziki wa dansi nchini Tanzania kabla ya vijiji vingi vya milima ya Upare kufikiwa na umeme wa gridi. Bendi za Tanga kama Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilivuma katika miaka ya 1960 zikiwa katika mji uliopata umeme wa maporomoko ya Pangani tangu miaka ya 1930, ilhali katika safu za Usangi, Mamba na Gonja muziki wa namna hiyo ulitegemea jenereta, ambayo injini yake ikilemewa hushusha mizunguko ya umeme chini ya ile 50 kwa sekunde iliyokusudiwa, na mvumo wa spika hushuka nayo.

Mvumo huo ulikuwa umezaliwa pamoja na chombo chenyewe. Kinasa cha gita, kilichobuniwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930, ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara maelfu, nao waya huo hunasa mtetemo wa nyuzi na vilevile usumaku wa transfoma iliyo karibu. Mwaka 1955 Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliunganisha koili mbili zenye mwelekeo wa kupingana, hivyo mvumo wa moja ukafuta wa nyingine, lakini dawa hiyo haitibu waya uliong'oka ndani ya gita. Ukikatika ule unaotoka kwenye daraja la nyuzi hadi kwenye mzunguko, mwili wa mpigaji huacha kuwa kinga, na kelele za gita hazipungui tena mkono unapogusa nyuzi. Kulehemu upya kiungo kimoja hutosha.

Mjini Same tatizo lina tabaka jingine. Mji huo uko upande mkavu wa milima hiyo ya Upare, ambako mvua ni haba kuliko kwenye mitelemko inayoelekea kilele cha Shengena, na fimbo ya shaba inayochimbiwa ili kuupeleka umeme uliovuja ardhini hupata ukinzani mkubwa zaidi udongo unapokauka. Mafundi huimwagia maji fimbo hiyo, jambo la busara kwa usalama wa mtu, ingawa si sahihi kulitarajia liponye kelele za kiungo kilicholegea. Mara nyingi kosa liko kwenye soketi: plagi ya pini mbili hulazimishwa kuingia kwa kusukuma kijiti kwenye tundu la juu, na amplifaya yenye ganda la chuma hubaki bila waya wa ardhi, ikivuma na kumtekenya mpigaji vidoleni. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, umeipeleka gridi hadi vijiji vya juu, na huko nako amplifaya mbili zilizochomekwa kwenye soketi za mbali, huku zikiunganishwa kwa waya mmoja wa sauti, hufanya duara la ardhi ambalo huvuma hata kila kifaa kikiwa kizima. Fundi huzihamishia zote soketi moja.