Kiki, Chemsha Bongo na Treni ya Baghdad: Mama Aliyeachwa Kwenye Mataa Akaamua Kusafiri Mwenyewe

Desemba 1926, mgeni mmoja wa kike alifika kwenye hoteli ya Swan Hydropathic, mji wa Harrogate, kaskazini mwa Uingereza. Kwenye kitabu cha wageni akaandika jina Mrs Teresa Neele, mkazi wa Cape Town, Afrika Kusini. Hakuwa na makuu. Alicheza biliadi, jioni alicheza dansi, mchana alijaza zile chemsha bongo za visanduku kwenye gazeti, na kitabu kikiisha alikwenda kuazima kingine. Alikuwa akisoma riwaya za mauaji na upelelezi.

Kumbe bwana, magazeti yale yale aliyokuwa akijaza visanduku vyake ndiyo yaliyobeba picha yake ukurasa wa mbele. Nchi nzima ilikuwa inamtafuta.

Huyo mama ni Agatha Christie. Ndiyo, yule yule wa Poirot, mwandishi ambaye leo vitabu vyake vinahesabiwa kwa nakala bilioni kadhaa. Wakati ule alikuwa na miaka 36, jina lake ndiyo kwanza linaanza kuwaka, na ndoa yake ilikuwa imeshakufa.

Ukitaka kumwelewa rudi nyuma kidogo. Aprili 1926 alifiwa na mama yake, mtu aliyempenda kuliko wote. Akakaa miezi kwenye nyumba ya marehemu anapanga vyombo na kulia. Agosti mume wake, Archie, aliyekuwa rubani wa vita ya kwanza ya dunia, akamwambia bila kuzunguka: nimempata mwingine, nataka talaka. Mwingine huyo aliitwa Nancy Neele. Soma tena jina aliloandika mgeni wa Harrogate. Mke aliandikisha hoteli kwa jina la ukoo la mchepuko wa mume wake. Acha tu.

Usiku wa Ijumaa tarehe 3 Desemba alitoka nyumbani na gari lake. Asubuhi gari likakutwa Newlands Corner, kaunti ya Surrey, limeachwa, ndani kuna koti la manyoya na leseni yake. Polisi wakaingia kazini, raia kwa maelfu wakajitolea kupekua vichaka, ndege zikaruka kumtafuta. Arthur Conan Doyle, baba wa Sherlock Holmes, alichukua glovu yake akampelekea mtu wa mambo ya mizimu aibashirie. Mtunzi wa mpelelezi maarufu kuliko wote duniani anakwenda kwa mganga! Aliyewatambua wapelelezi wote ni wanamuziki wa bendi ya hoteli, waliomuona anacheza dansi wakamfananisha na picha ya gazeti.

Alipatikana tarehe 14 Desemba, baada ya siku 11. Familia ikasema amepoteza kumbukumbu, madaktari wakaunga mkono. Magazeti hayakununua hiyo stori. Kwa lugha ya mjini leo, waliamua kwamba mama alikuwa anatafuta kiki ili auze vitabu. Na ushahidi mkubwa waliokuwa nao ni ule ule: kama kweli ana majonzi, mbona alicheza biliadi? Mbona alicheza dansi? Mtu aliyevurugwa na mapenzi anapata wapi akili ya kujaza visanduku?

Hapo ndipo walipomkosea, na mpaka leo watu wanaachwa na kuhukumiwa kwa kipimo hicho hicho. Ukiposti uko ufukweni wiki mbili baada ya kuachwa, basi hukupenda. Yeye hakujibu kitu. Kitabu cha maisha yake kilipotoka 1977, mwaka mmoja baada ya kifo chake, kina kurasa zaidi ya 500 na zile siku 11 hazimo.

Sasa hii michezo yenyewe ilikuwa kitu gani? Chemsha bongo ya visanduku ilikuwa fasheni mpya kabisa, sawa na programu mpya inayoteka simu za watu wote mwezi mmoja. Ilianzishwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani, kwenye gazeti la New York World la tarehe 21 Desemba 1913. Ya kwanza ilikuwa na umbo la almasi. Kwa miaka 10 ilikaa kimya kimya gazetini, mpaka 1924 vijana wawili, Simon na Schuster, walipoanzisha kampuni ya vitabu na kitabu chao cha kwanza kikawa mkusanyiko wa chemsha bongo, kila nakala imefungwa na penseli. Marekani ikapagawa. Watu walijaza visanduku ofisini, kanisani, kwenye treni. Gazeti la New York Times likaandika kwa dharau kwamba huo ni upotevu wa muda wenye dhambi. Likakaa na msimamo wake huo mpaka 1942, dunia iko vitani, wasomaji wanataka kitu cha kushika akili, nalo likaanza kuchapisha yake. Haijaacha mpaka leo, na siku hizi inawalipa vizuri.

Uingereza ugonjwa huo uliingia mwishoni mwa 1924. Kwa hiyo mama wa Harrogate alikuwa anafanya kitu ambacho nusu ya abiria wa treni yoyote ya London walikuwa wanakifanya. Ni mchezo wa msafiri hasa: hauhitaji mwenzako, hauhitaji meza, unaingia mfukoni, na treni ikifika unakunja gazeti unashuka.

Riwaya ya upelelezi nayo ni ndugu wa damu wa huo mchezo. Mwandishi anakutupia dalili moja moja, anakuficha kitu, na anatakiwa acheze kwa haki, yaani jibu liwe limepita mbele ya macho yako. Mwaka huo huo wa 1926 Christie alikuwa ametoa The Murder of Roger Ackroyd, na wapo wasomaji waliokasirika wakisema kawachezea rafu. Hatutaharibu utamu kwa ambaye hajakisoma. Ila wote waliorudi ukurasa wa kwanza walikuta dalili zipo, walizipita wenyewe. Kwa mtu ambaye maisha yake yamegeuka maswali bila majibu, si ajabu akatamani kitabu ambacho ukurasa wa mwisho lazima useme nani kafanya na kwa nini.

Kusafiri kwenyewe alikuwa amekuonja kabla. Mwaka 1922, akiwa bado na Archie, walizunguka dunia karibu miezi 10 na ujumbe uliokuwa ukitangaza maonyesho makubwa ya bidhaa za himaya ya Uingereza. Walianzia Afrika Kusini, na kule Muizenberg, karibu na Cape Town, akajifunza kuteleza juu ya mawimbi na ubao, kwa kulala kifudifudi. Walipofika Honolulu akajifunza kusimama. Alipigwa na mawimbi mpaka nguo ya kuogelea ikachanika, akaenda dukani kununua nyingine, ya sufu, kijani ya zumaridi, fupi kwa viwango vya wakati ule, na alijiona kapendeza. Bibi tunayemuona kwenye picha za uzeeni, kavaa lulu shingoni na sketi nzito, aliwahi kusimama juu ya wimbi la Pasifiki kabla wengi wa Ulaya hawajajua kuna mchezo kama huo.

Lakini ile ilikuwa safari ya mke wa mtu. Safari yake mwenyewe ilikuja 1928.

Talaka ilikamilika mwaka huo, na mwaka huo huo Archie akamuoa Nancy. Binti yao, Rosalind, alikuwa shule ya bweni. Christie alikuwa ameshakata tiketi ya kwenda visiwa vya Karibi kutafuta jua. Siku mbili kabla ya kuondoka akaalikwa chakula cha jioni, akakaa jirani na mwanajeshi wa majini na mke wake waliotoka Baghdad karibuni. Wakamsimulia mji ule. Akasikitika kwamba lazima upande meli. Wakamwambia hapana, unaweza kwenda kwa treni, kwa Orient Express. Asubuhi yake alikuwa mlangoni kwa mawakala wa safari wa Cook anabadilisha tiketi.

Ndugu na marafiki walishtuka. Mwanamke mtalaka, peke yake, mpaka Iraki? Alikwenda. Treni ikavuka Ulaya mpaka Istanbul, akavuka maji ya Bosporasi, akapanda nyingine upande wa Asia. Kwenye milima ya Taurus ilisimama pale panapoitwa Milango ya Kilikia, jua linazama, abiria wakashuka kutazama. Akakaa Dameski siku tatu. Kutoka pale ilikuwa basi la kampuni ya ndugu wawili wa New Zealand, akina Nairn, linalokata jangwa kwa takribani saa 48 mpaka Baghdad.

Kwenye mambo ya Istanbul tusimame kidogo, maana watalii wanapelekwa hoteli ya Pera Palace kuonyeshwa chumba ambacho eti ndimo alimoandika Murder on the Orient Express. Hoteli inajua biashara. Katika riwaya yenyewe Poirot anafikia hoteli nyingine, Tokatlian, na safari ile ya kwanza mwandishi naye alilala huko huko Tokatlian.

Njiani alinaswa na mama mmoja wa Kiingereza anayeishi Baghdad, wale watu wa kukupangia maisha. Akamng'ang'ania akakae kwao, mtaa wa Waingereza, chai na tenisi, kila siku sura zile zile. Christie alistahimili siku chache. Hakuwa amevuka jangwa ili aje kukaa Uingereza ndogo yenye joto. Akatoroka kwenda Ur, kusini, ambako mwanaakiolojia Leonard Woolley alikuwa anafukua mji wa maelfu ya miaka. Wageni pale hawakukaribishwa hovyo, ila Katharine, mke wa Woolley, alikuwa amemaliza kusoma Roger Ackroyd na amechanganyikiwa nacho. Kitabu cha mauaji kikawa hati yake ya kusafiria. Akapokewa kama malkia na kualikwa arudi.

Aliporudi 1930, Katharine alimwamuru kijana msaidizi, Max Mallowan, amtembeze mgeni aone nchi. Max alikuwa na miaka 25, Christie 39. Siku moja waliona ziwa la chumvi, joto limezidi, wakaingia majini, yeye akiwa na nguo za ndani tu alizozipanga kwa heshima. Walipotoka, gari lilikuwa limezama kwenye mchanga. Msaada mbali. Max alitegemea kelele na lawama. Christie akatafuta kivuli cha gari, akalala usingizi. Max alisema baadaye kwamba hapo hapo aliona huyu angemfaa kuwa mke. Usiku wakalala mahabusu ya polisi Karbala, kila mtu selo yake, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kulala.

Septemba 1930 wakafunga ndoa Edinburgh, mbali na mapaparazi. Ndiyo, kibenteni, tofauti ya miaka 14, na mama tayari ana jina na hela zake. Watu walisema. Ndoa ilidumu miaka 45, mpaka Januari 1976 alipofariki.

Na ile miji ikaanza kulipa. Desemba 1931 alikuwa anarudi peke yake kwa Orient Express, mafuriko yakakwamisha treni, akabaki kwenye behewa na abiria wa kila taifa, akiwasikiliza. Mwaka 1934 ikatoka riwaya ya treni iliyonasa kwenye theluji na maiti ndani. Zikafuata Murder in Mesopotamia mwaka 1936 na Death on the Nile mwaka 1937. Ile ya Mesopotamia ina mke wa bosi wa machimbo, mrembo na msumbufu, anayeuawa, na waliomjua Katharine Woolley walimtambua bila kuambiwa.

Nazo zikarudi kwa wasafiri. Inasimuliwa kwamba mchapishaji Allen Lane alitoka wikiendi kwa Christie kule Devon, akafika stesheni ya Exeter akakosa kitu cha maana cha kusoma. Mwaka 1935 alianzisha vitabu vya Penguin, jalada laini, bei senti sita za Kiingereza, sawa na pakiti ya sigara. Kati ya 10 vya kwanza kimoja kilikuwa cha Christie.

Baada ya vita ya pili wakarudi Iraki, safari hii Nimrud, mji wa kale wa Waashuru, kuanzia 1949. Yeye akiwa na miaka karibu 60 alipewa kazi ya kusafisha vinyago vya pembe vilivyotolewa kwenye tope, na akagundua kwamba krimu yake ya uso ndiyo inatoa uchafu wa kwenye nyufa bila kuharibu pembe. Kopo lilikuwa linaisha kila mara, uso ukakosa. Pembeni ya nyumba ya wachimbaji walimjengea chumba kidogo cha matofali ya udongo, meza na kiti, na humo mwaka 1950 ndimo alimoanza kuandika maisha yake, yakiwemo mawimbi ya Honolulu na ile nguo ya kijani.