Nyumba ya Kwihara na Waliopita Humo

Ndugu msikilizaji, ukitoka Tabora mjini kuelekea kusini-magharibi, mwendo wa kilometa chache tu, utafika Kwihara. Pana nyumba ya tembe pale, yenye kuta nene za udongo na paa la bapa, ambayo siku hizi ni makumbusho. Tumezoea kuiita nyumba ya Livingstone. Leo nataka tuligombee kidogo jina hilo.

Kwanza, kabla ya Livingstone alikaa humo Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliyefika Juni 1871 akiwa njiani kumtafuta daktari huyo. Alikuta Waarabu wa Tabora wako vitani na Mtemi Mirambo. Agosti mwaka huo watu wa Mirambo waliingia Tabora wakachoma nyumba. Stanley akatoboa ukuta matundu ya bunduki, akapandisha bendera ya Marekani na kusubiri. Mirambo hakuja.

Februari 1872 Stanley alirudi kutoka Ujiji pamoja na Livingstone. Tarehe 14 Machi akaondoka kwenda pwani, akamwacha mzee anangoja wapagazi. Walipofika watu 57, Livingstone naye akafunga safari tarehe 25 Agosti. Hakuiona tena Kwihara.

Lakini maiti yake iliiona, na hapa ndipo penye hoja yangu. Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Abdullah Susi kutoka Shupanga, Msumbiji, na James Chuma, Myao aliyeokolewa utumwani angali kijana, walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa jua, wakaubeba. Oktoba walifika Kwihara, wakamkuta humo Luteni Verney Lovett Cameron wa jeshi la majini la Uingereza, aliyetumwa kumsaidia Livingstone.

Cameron akawashauri wamzike pale pale. Wakakataa. Fikiria, msikilizaji: wapagazi wanamkatalia ofisa wa Malkia! Cameron akachukua vyombo vingi vya kupimia vya marehemu, wao wakachukua mwili wakaenda zao.

Mbele ya safari wanakijiji walizuia maiti isipite. Chuma na Susi wakafunga mabua ya mtama mfano wa maiti, wakatuma wenzao warudi nayo kama wanaokwenda kuzika Unyanyembe. Usiku wale wakayatupa mabua porini kidogo kidogo. Mwili wenyewe ulikwisha kufungwa kama mzigo wa nguo, ukapita.

Februari 1874 ulifika Bagamoyo. Tarehe 18 Aprili ukazikwa Westminster Abbey, London. Katika wale waliotoka nao kwa Chitambo, aliyekuwapo mazikoni ni Jacob Wainwright peke yake. Susi na Chuma waliitwa Uingereza baadaye, mazishi yamekwisha, wakapewa medali. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882, na Susi mwaka 1891.