Kolesteroli katika uzee

Kolesteroli ni aina ya mafuta inayotengenezwa hasa na ini, ambayo mwili huitumia kujenga utando wa seli na baadhi ya homoni, lakini ikizidi katika damu hujikusanya kwenye mishipa na kuweza kusababisha kiharusi au shtuko la moyo. Kwa watu wa makamo uhusiano huo uko wazi. Kwa wakongwe hali ni tofauti: utafiti wa Leiden, Uholanzi, uliochapishwa mwaka 1997, ulibaini kuwa miongoni mwa watu wenye miaka 85 na zaidi, waliokuwa na kolesteroli nyingi walikufa kwa nadra zaidi kutokana na saratani na maambukizi. Matokeo hayo hayathibitishi kwamba kolesteroli hurefusha maisha, kwa kuwa maradhi yaliyojificha na utapiamlo hushusha kiwango chake. Hata Matiliku, katika Kaunti ya Makueni, ambako wazee wamelelewa kwa muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa pamoja na mbaazi au maharagwe, mkongwe anayekonda huku kolesteroli yake ikishuka anastahili kuchunguzwa kwa makini, wala si kupongezwa. Na aliyewahi kupata kiharusi hapaswi kuacha statini, dawa za kupunguza kolesteroli, bila ushauri wa daktari.