Taka Zetu Zinakwenda Wapi? Historia Fupi kutoka Usangi hadi Tabata



Kila mwaka kitabu hiki huleta habari za shule, zahanati, barabara na maji. Mwaka huu kamati imetuomba sisi tunaoshika vitabu vya hesabu vya chama tuandike habari za taka. Tunaanza na kosa letu wenyewe.

Miaka michache iliyopita tulichanga, tukanunua mapipa ya taka, tukayapandisha mlimani, tukayapanga sokoni na kupiga picha. Katika vitabu vyetu ipo risiti ya mapipa na ipo risiti ya lori. Hakuna mstari hata mmoja wa fedha za kuyamwaga. Mapipa yalijaa, yakafurika, na masika ilipoanza taka zikashuka korongoni. Lawama si ya wachuuzi wala ya mtendaji wa kijiji. Ni yetu, kwa kuwa tulinunua chombo tukasahau kazi. Kabla hatujawaomba tena fedha, tunaona tuna wajibu wa kueleza tulichojifunza.

Taka za wazee wetu

Taka za kale kuliko zote katika milima yetu ni mavi ya chuma. Upare wa Kaskazini ulisifika kwa chuma zamani, na Washana wa Ugweno ndio waliokuwa wafua chuma wake. Habari zao, na jinsi ukoo wa Wasuya ulivyowapokonya utawala, zimeandikwa na Profesa Isaria Kimambo katika historia yake ya Wapare. Matanuri yalizimika zamani, lakini yale mabonge meusi bado hukutwa ardhini.

Taka nyingine za wazee hatuzioni, kwa sababu zilirudi shambani. Maganda ya ndizi yalikwenda kwa mbuzi na ng'ombe, samadi ikaenda mgombani, majivu yakamwagwa bustanini, na kibuyu kilichopasuka kikaoza. Hapakuwa na haja ya jalala la kijiji, maana kila nyumba ilikuwa na migomba ya kulisha.

Kilichohitaji mikono ya wengi kilikuwa maji. Ndiva zilijaa tope, na watu wakaitwa msaragambo kuzizibua. Tunaikumbuka ndiva kama kitu kilichojengwa na mababu, na ni kweli. Lakini iliyoifanya idumu ni ile kazi ya kurudi kila mara na majembe. Ndiva isiyozibuliwa hugeuka bwawa la matope, hata ingejengwa na fundi gani.

Mambo yalibadilika vitu vya kununua vilipozidi vitu vya kulima. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na tofauti inaonekana. Chupa za plastiki, pampasi, betri za tochi na vifungashio vya kila namna bado vinapanda mlimani kila siku ya soko. Migomba haili vitu hivyo. Vinachomwa nyuma ya nyumba au vinatupwa korongoni, na mvua inavishusha kwenye ndiva, mifereji, na mwisho kwa ndugu zetu wa tambarare.

Somo la Tabata

Wengi wetu tunaoishi Dar es Salaam tunaijua Tabata kama mtaa wa makazi. Miaka ya 1980 palikuwa na dampo la Jiji. Moshi wa taka zilizokuwa zikiungua, harufu na inzi viliingia majumbani mwa watu. Mwaka 1988 wakazi, Joseph Kessy na wenzake, walilishtaki Jiji katika Mahakama Kuu wakashinda. Jiji liliomba muda wa kutafuta mahali pengine, likaongezewa, likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa kuongeza, akiegemea haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba.

Hukumu ile ni ya kujivunia. Lakini tani zile za taka hazikufutwa na mahakama. Zilipelekwa Kunduchi Mtongani, wakazi wakapinga. Zikaenda Vingunguti, kando ya bonde la Msimbazi. Baadaye zikaenda Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi, mbali na katikati ya mji, na kila kilomita ya lori ni dizeli. Mzigo ulihama kutoka kwa jirani mmoja kwenda kwa mwingine. Sisi tulio mlimani tufikiri vizuri hapo, kwa sababu mtu aliye juu daima ana jirani aliye chini.

Watu waliopima

Wakati huo nchi ilikuwa bado inajenga elimu ya uhandisi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mtanzania aliyetaka digrii ya uhandisi alikwenda Nairobi au ng'ambo. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973. Jirani yake, Chuo cha Ardhi, kilichoanza mwaka 1956 kama shule ya wapima ardhi, kilifundisha pia uhandisi wa afya ya jamii, fani ambayo baadaye iliitwa uhandisi wa mazingira. Mwaka 1996 kikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu Ardhi.

Kutoka hapo walitokea watafiti wawili ambao kazi zao zimetufundisha mengi, M. E. Kaseva na S. E. Mbuligwe. Waliandika juu ya athari za kuhamisha dampo, juu ya waokota chupa na vyuma chakavu, na juu ya kampuni binafsi za kuzoa taka, ambazo Jiji lilianza kuzitumia mwaka 1994. Mbuligwe alipima hata taka za vyuo vitatu vya Dar es Salaam, chuo chake mwenyewe kikiwamo. Jambo hilo lilitugusa. Mwalimu aliyewafundisha wanafunzi kusimamia taka alianza na taka za bweni na jiko la chuo chake.

Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2005, Kaseva na Mbuligwe waliifungia Dar es Salaam hesabu kama tunavyofunga hesabu za mwaka. Mji ulizalisha tani 2,425 za taka kwa siku, wastani wa kilo 0.4 kwa mtu. Kampuni binafsi zilizoa tani 509, manispaa tani 329, na waokotaji na warejelezaji tani 119. Jumla ni tani 957, yaani asilimia 39. Kabla ya hapo, kati ya mwaka 1994 na 1998, makadirio yalikuwa asilimia 10 tu.

Mtu wa hesabu hutazama kwanza kilichopungua, na hapa zaidi ya nusu ya taka haikuwa na mzoaji. Lakini tazameni pia zile tani 119. Ziliondolewa na watu waliokuwa wakijitafutia riziki kwa magunia na mikokoteni, na bado zilizidi theluthi moja ya zile zilizozolewa na manispaa zote. Kama watafiti wasingepima, watu hao wasingeonekana popote katika hesabu.

Sasa tuilete hesabu hiyo nyumbani. Kwa kiwango cha Dar es Salaam, nyumba ya watu 6 hutoa kilo 2.4 kwa siku, au kilo 876 kwa mwaka. Je, Usangi ni hivyo? Hatuwezi kujibu, kwa sababu hakuna aliyewahi kutuwekea mzani. Tulinunua mapipa bila kujua yatabeba nini, wala kiasi gani.

Mbiru na ada ya taka

Wapo watakaosema kuwa watu wetu hawatalipa ada ya kuzoa taka. Wakumbuke mbiru. Mwaka 1945 wazee wetu walipoandamana hadi Same kupinga kodi ya serikali ya kikoloni, hawakukataa kodi kwa kuwa ni kodi. Walikataa makadirio yake, yaliyompima kila mtu kwa namna wasiyoielewa wala kuiona kuwa ya haki. Tumeirithi tabia hiyo, na si mbaya. Mpare hulipa anapojua analipia nini, na anapoonyeshwa kitabu.

Ndiyo maana safari hii hatuanzi na chombo wala jengo. Harambee ya mwaka huu ina mambo matatu.

La kwanza ni mzani na posho ya vijana wawili. Watapima taka za soko kila siku ya soko, vuli na masika, wakitenganisha zinazooza na zisizooza. Matokeo yatabandikwa sokoni na kuchapishwa katika kitabu hiki mwakani.

La pili ni banda la mboji. Majani, maganda na matunda yaliyooza yakirundikwa bila hewa hunuka na kuchuruzisha maji machafu. Yakilowanishwa kiasi, yakigeuzwa mara kwa mara na kufunikwa mvua isiyaloweshe kupita kiasi, huwa mbolea ya migomba. Ukubwa wa banda utaamuliwa na mzani, na fedha ya mgeuzaji itatengwa kabla ya fedha ya bati.

La tatu ni kumchangia ada kijana mmoja wa Usangi, wa kike au wa kiume, asome uhandisi wa mazingira. Sharti letu ni moja: utafiti wake wa mwaka wa mwisho aufanyie nyumbani, kwenye makorongo na ndiva zetu.

Kwa kila shilingi mtakayotoa, tumejiwekea kanuni ambayo mnaweza kutudai kwayo. Hakuna kitu kitakachonunuliwa mpaka mstari wa fedha za kukiendesha kwa mwaka mzima uwe umejazwa. Yale mapipa ya zamani tumeyaacha katika orodha ya mali za chama, na kando yake tumeandika kwa wino: "Hayakuwa na mzoaji." Hatutaki kuandika hivyo mara ya pili.

Mtakaokuja nyumbani Desemba, njooni tukatembee pamoja korongoni chini ya soko, muone wenyewe. Msioweza kuja, fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Msaragambo wa zamani ulitaka kila mtu aje na jembe lake. Huu wa sasa unapokea pia mchango wa aliye mbali.